Nani Huamua, Nani Hupiga Muhuri: Jinsi Vyombo vya Dola ya Kikomunisti Vinavyofanya Kazi

Tarehe 10 Machi 2023 Bunge la Umma la China lilimchagua Xi Jinping kuwa rais kwa muhula wa tatu. Kura za kumuunga mkono zilikuwa 2,952. Ya kumpinga haikuwepo hata moja. Habari kama hiyo ikifika Nairobi, mji ambao sheria iliyopita bungeni juzi inaweza kuwa mbele ya majaji wa Milimani kesho, wengi huimaliza kwa neno moja: muhuri. Bunge la kupiga muhuri tu, basi. Neno hilo lina ukweli mwingi, ila halituelezi muhuri unashikwa na nani, unapigwa kwa hatua zipi, wala kwa nini dola yenye chama kimoja kinachotawala inajisumbua kuwakusanya watu karibu 3,000 kila Machi.

Tutaitazama China zaidi, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo tunayokutana nayo hapa kila siku, barabarani na bandarini. Lakini Vietnam, Laos na Cuba zimejengwa kwa ramani ileile iliyochorwa na Muungano wa Kisovieti, na ukiielewa moja hutapotea katika nyingine.

Madaraka hayagawanywi, kazi ndizo hugawanywa

Katiba ya Kenya ya 2010 imeyakabidhi madaraka ya wananchi kwa Bunge, Serikali na Mahakama, na kila mmoja ana uwezo wa kumzuia mwenzake. Ndiyo maana Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliweza kufuta uchaguzi wa rais. Dola ya kikomunisti inaukataa mpango huo kuanzia msingi. Hoja yake inatokana na jinsi Karl Marx alivyoieleza Komuni ya Paris, serikali ya wafanyakazi ya 1871, na Lenin akaishika mwaka 1917: madaraka ya umma ni mamoja, kwa hiyo umma huchagua baraza moja, na baraza hilo ndilo chombo kikuu cha dola. Serikali, mahakama, waendesha mashtaka na uongozi wa jeshi huundwa na baraza hilo, huripoti kwake, na linaweza kuwaondoa.

Matokeo yake ni makubwa. Hakuna mahakama ya kubatilisha sheria ya Bunge, maana mtoto hawezi kumfuta mzazi wake. Rais wa China hana uwezo wa kuurudisha muswada bungeni pamoja na maoni yake kama anavyoweza rais wa Kenya. Anatangaza sheria kwa kufuata uamuzi wa Bunge. Waziri Mkuu hawezi kulivunja Bunge. Kwenye karatasi, Bunge la Umma ndilo lenye nguvu kuliko bunge lolote unalolijua.

Wakenya wenye umri fulani hukimbilia kulinganisha na KANU ya kati ya 1982 na 1991, wakati kifungu cha 2A cha katiba kilipofanya vyama vingine vyote viwe haramu. Ulinganisho huo unapotosha. Chini ya KANU nguvu zilipita Ikulu na kushuka kwa mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, hadi kwa chifu. Tawi la chama mara nyingi lilisubiri kusikia mkuu wa wilaya anasema nini. Katika dola ya kikomunisti ni kinyume: kamati ya chama ndiyo inayoamua, na ofisi ya serikali ndiyo inayotekeleza. Jirani zetu Tanzania, baada ya marekebisho ya katiba ya 1975 na ile kauli ya chama kushika hatamu, walilikaribia jambo hili zaidi kuliko sisi, ingawa hata wao hawakulijenga kwa ukamilifu huo.

Kutoka tarafa hadi Beijing

China ina mabunge ya umma katika ngazi tano: tarafa, wilaya, mji mkubwa, mkoa na taifa. Wajumbe wake wote kwa pamoja ni zaidi ya milioni 2.6. Mwananchi wa kawaida hupiga kura moja kwa moja katika ngazi mbili za chini tu. Kuanzia hapo, wajumbe wa wilaya huchagua wa mji, wa mji huchagua wa mkoa, na wa mkoa huchagua wa taifa. Jeshi huchagua wajumbe wake lenyewe. Sheria inadai wagombea wawe wengi kuliko viti: katika kura ya moja kwa moja wazidi kwa theluthi moja hadi kwa idadi iliyo sawa na viti vyenyewe, na katika kura ya ngazi za juu wazidi kwa asilimia 20 hadi 50. Ushindani basi upo, lakini kila ngazi ni chekeche, na anayeshika chekeche ni kamati ya chama ya mahali hapo. Na kwa vyeo vya juu kabisa, kama urais, huletwa jina moja.

Bunge la sasa, la 14, lilianza 2023 likiwa na wajumbe 2,977. Muhula ni miaka mitano. Wajumbe hawa hawaachi kazi zao: ni wakulima, wahandisi, makatibu wa mikoa, majenerali, walimu. Hukutana mara moja kwa mwaka kwa muda wa kama wiki moja. Piga hesabu mwenyewe: watu karibu 3,000, siku saba, bajeti ya taifa, mpango wa maendeleo, ripoti ya Waziri Mkuu, ripoti ya mahakama, ripoti ya waendesha mashtaka, na miswada kadhaa. Hakuna mjadala wa kweli unaoweza kufanyika katika ukumbi mmoja kwa namna hiyo. Wanajadili katika makundi ya mikoa yao, kisha wanarudi ukumbini kupiga kura.

Kazi ya kutunga sheria hufanywa na Kamati ya Kudumu ya Bunge. Bunge la 14 lilipoanza, kamati hii ilikuwa na wajumbe 175. Hukutana takriban kila miezi miwili, na wajumbe wake wamekatazwa na katiba kushika kazi serikalini, mahakamani au katika ofisi ya mashtaka. Bunge kamili likiwa halikai, kamati hii hupitisha sheria nyingi, hutafsiri katiba, huidhinisha mikataba na huweza kumwondoa waziri. Qin Gang, aliyeteuliwa waziri wa mambo ya nje Desemba 2022, aliondolewa Julai 25, 2023 katika kikao cha siku moja cha kamati hiyo. Bunge la watu 2,977 halikuitwa.

Muswada wa kawaida husomwa mara tatu katika Kamati ya Kudumu. Rasimu hutolewa hadharani kwa siku 30 hivi ili watu watume maoni. Mambo yenye maslahi yanayogongana huchukua muda mrefu zaidi: sheria ya mali ilisomwa mara saba katika kamati hiyo kabla ya kupitishwa na Bunge Machi 2007, kwa sababu ndani ya chama chenyewe kulikuwa na watu walioona inasaliti ujamaa. Na jambo moja wasilolijua wengi: muswada hupita kwa wingi wa wajumbe wote wa kamati, si wa waliohudhuria. Aprili 1999, marekebisho ya sheria ya barabara yaliyokuwa na kodi ya mafuta yalipata kura 77 katika kamati ya wajumbe 154. Yalihitaji 78. Yakaanguka kwa upungufu wa kura moja, na yakarudi kupitishwa baadaye mwaka huohuo.

Bunge kamili nalo limewahi kutikisika. Aprili 1992 lilipoulizwa kuhusu bwawa la Mabonde Matatu kwenye mto Yangtze, 1,767 walikubali, 177 walikataa na 664 hawakuegemea upande wowote. Bwawa lilijengwa, lakini theluthi moja ya ukumbi ilikuwa imekataa kusema ndiyo, na viongozi waliisoma ishara hiyo vizuri.

Serikali, mahakama na waendesha mashtaka

Serikali kuu ya China ni Baraza la Serikali: Waziri Mkuu, manaibu wake wanne, madiwani wa taifa (viongozi walio kati ya manaibu hao na mawaziri), na wakuu wa wizara na tume 26. Mkenya anayeisoma orodha hiyo hushangaa kukuta humo watu ambao kwetu ni wa kujitegemea. Gavana wa benki kuu yumo, na uamuzi wa benki hiyo kuhusu viwango vya riba lazima uidhinishwe na Baraza la Serikali. Mkaguzi mkuu wa hesabu yumo pia, akiongozwa na Waziri Mkuu. Kwetu, Mkaguzi Mkuu anayeikagua serikali akiwa ndani ya baraza la mawaziri tungesema hakuna ukaguzi. Katika mantiki ya dola hii, ukaguzi ni jicho la uongozi kwa walio chini yake. Haukuundwa kuuangalia uongozi wenyewe.

Mahakama Kuu ya Umma na ofisi kuu ya mashtaka ya umma ziko sambamba na Baraza la Serikali, na kila Machi wakuu wake husoma ripoti mbele ya Bunge nayo hupigiwa kura. Kuna tofauti kati yao inayofaa kushikwa. Mahakama ya juu huisimamia ya chini kwa kusikiliza rufaa. Ofisi ya mashtaka ya juu huiamuru ya chini moja kwa moja, kama jeshi. Isitoshe, waendesha mashtaka wana jukumu ambalo kwetu halipo, urithi wa Kisovieti: kusimamia utii wa sheria wa vyombo vingine, mahakama zikiwemo. Juu ya wote hao, polisi pia, kuna kamati ya chama ya siasa na sheria inayopanga sera na kesi nzito zishughulikiweje.

Mwaka 2018 kiliongezwa chombo kingine, Tume ya Taifa ya Usimamizi, chenye uwezo juu ya kila mtumishi wa umma, awe mwanachama au la. Kinaweza kumshikilia mtu miezi kadhaa nje ya utaratibu wa kawaida wa kesi za jinai, bila wakili. Tume hii hukaa ofisi moja na kamati ya chama ya nidhamu, kwa watumishi walewale.

Chama ndani ya kila ofisi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Ukisoma katiba tu utadhani mamlaka hupanda kutoka tarafa hadi Bunge. Uamuzi hasa hushuka kupitia chama.

Chama cha Kikomunisti cha China, chenye wanachama takriban milioni 100, hufanya mkutano mkuu kila miaka mitano. Ule wa 20, Oktoba 2022, ulichagua Kamati Kuu ya wajumbe 205 kamili na 171 wa akiba. Kamati Kuu ikachagua Politiburo ya watu 24, na ndani yake Kamati ya Kudumu ya chama (si ile ya Bunge) ya watu saba. Kanuni inayoviunganisha huitwa sentralizimu ya kidemokrasia: wachache hufuata walio wengi, ngazi ya chini hutii ya juu, na chama chote hutii Kamati Kuu. Unaweza kubishana kabla ya uamuzi. Ukishapitishwa, unautekeleza, na kuunda kundi ndani ya chama ni kosa la nidhamu. Sasa fikiria wajumbe wengi wa Bunge wakiwa wanachama waliokula kiapo hicho. Kamati Kuu ikishaamua nani awe rais, mwanachama aliyeketi bungeni hana nafasi ya kuamua upya. Sifuri ya Machi 2023 imetokea hapo.

Lakini nidhamu ya kura ni sehemu ndogo. Nguvu kubwa ya chama ni kuwapanga watu. Idara ya Oganaizesheni ya chama hushika orodha ya vyeo ambavyo hakuna anayevipata bila idhini yake, kuanzia mawaziri na magavana hadi wakuu wa vyuo vikuu na mashirika ya dola. Tangu 1984 kila ngazi husimamia hasa vyeo vya ngazi iliyo moja kwa moja chini yake.

Chukua nafasi ya naibu meya wa mji mkubwa iliyobaki wazi. Kwanza viongozi na watumishi wanaohusika huulizwa kwa siri wampendekeze nani. Kisha timu ya oganaizesheni huenda kumchunguza anayefikiriwa: huzungumza na wakubwa wake, wenzake na walio chini yake mmoja mmoja, hupekua faili lake, huhakiki taarifa alizotoa kuhusu mali na familia, na huiuliza kamati ya nidhamu kama kuna malalamiko. Taarifa hupelekwa kwenye kamati ya chama yenye mamlaka. Kikao hakifanyiki kama theluthi mbili ya wajumbe hawajafika, na jina hupita kwa zaidi ya nusu ya wote waliostahili kuwepo. Jina likipita, hubandikwa hadharani kwa siku za kazi zisizopungua tano ili mwenye pingamizi aseme. Baada ya hayo yote ndipo chama hulipendekeza kwa bunge la mji, na wajumbe hupiga kura. Sisi wa nje huona hatua ya mwisho tu, kisha tunashangaa mbona haikuwa na mvutano. Mvutano ulikwisha miezi iliyopita, katika vyumba visivyo na waandishi wa habari.

Ndani ya kila wizara kuna kikundi cha chama, kama watu wanane au kumi: waziri, manaibu, mkuu wa utumishi, mwakilishi wa nidhamu. Kikundi hicho, chini ya katibu wake, ndicho huamua mambo makubwa ya wizara. Kwa kawaida waziri mwenyewe ndiye katibu, kwa hiyo tofauti haionekani. Ilionekana alipokuwa Wan Gang, waziri wa sayansi na teknolojia kuanzia 2007 hadi 2018, ambaye si mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Alikuwa waziri kamili, akisaini na kuhutubia, huku katibu wa kikundi cha chama katika wizara hiyo akiwa mtu mwingine.

Kuna pia vyombo vyenye mabango mawili mlangoni na watu walewale ndani. Tume Kuu ya Kijeshi ipo ya chama na ipo ya dola, na wajumbe wake huwa ni walewale. Mwenyekiti wake ndiye mwenye bunduki, na kwa mamlaka halisi cheo hicho kinauzidi urais. Deng Xiaoping, katika miaka aliyoiongoza China, hakuwa rais wa nchi wala katibu mkuu wa chama. Kuanzia 1981 hadi 1989 alikuwa mwenyekiti wa tume hiyo, na China nzima ilijua nani anaongoza. Xi anashika vyote vitatu: ukatibu mkuu, uenyekiti wa kijeshi na urais. Kati ya hivyo, urais ndio wenye uzito mdogo zaidi, ingawa ndio unaopigiwa mizinga 21 uwanjani.

Kwa miaka ya karibuni mstari kati ya chama na serikali umezidi kufifia. Mwaka 2023 ziliundwa tume za chama za fedha na za sayansi, zinazoamua mambo ambayo zamani yaliamuliwa na Baraza la Serikali. Mwaka 2024 mkutano wa Waziri Mkuu na waandishi wa habari mwishoni mwa kikao cha Machi, uliokuwa desturi kwa miongo mitatu, ulifutwa. Ni hasara kubwa, kwa sababu ilikuwa nafasi adimu ambapo mkuu wa serikali aliulizwa maswali hadharani.

Ujumbe ukitua Nairobi

Elimu hii ina faida ya moja kwa moja kwa mtu wa kaunti, mfanyabiashara au mwandishi wa hapa. Mkoa wa China ukituma ujumbe, gavana wa mkoa ni wa pili. Wa kwanza ni katibu wa kamati ya chama ya mkoa, na gavana huwa naibu wake katika kamati hiyo. Hali ni hiyohiyo kwa meya na katibu wa mji. Gavana wa kaunti yetu akitia saini na meya aliyekuja bila baraka za katibu wake, amesaini na mtu ambaye bado ana mkubwa wa kwenda kumuuliza.

La pili ni kujua ofisi unayoitafuta inaning'inia wapi. Ofisi nyingi za mikoani zina mabwana wawili: idara ya kilimo ya mkoa hupewa maelekezo ya kitaalamu na wizara iliyoko Beijing, lakini mshahara, vyeo na bajeti yake viko mikononi mwa chama na serikali ya mkoa. Ofisi nyingine, forodha ikiwa mfano mzuri, hutii Beijing peke yake.

Maparachichi ya Kenya yanalionyesha hili waziwazi. China ilifungua soko la maparachichi mabichi baada ya itifaki ya Januari 2022, na mizigo ya kwanza ikaondoka Agosti mwaka huo. Aliyefungua mlango ni Mamlaka Kuu ya Forodha ya China, chombo kilicho moja kwa moja chini ya Baraza la Serikali, ikishirikiana na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kwa upande wetu. Shamba na kituo cha kupakia ni lazima viwe vimesajiliwa na kukubaliwa na mamlaka hiyo. Mkulima wa Murang'a anaweza kuwa na rafiki katika serikali ya mkoa wa Hunan, mkoa unaojitahidi sana kwa biashara na Afrika, na rafiki huyo akampatia banda la maonyesho, mnunuzi na hata ghala. Usajili wa shamba lake hawezi kumpatia, maana ofisi ya forodha iliyoko mjini kwake haimtii gavana. Waliopoteza muda katika biashara hii wengi wamepotelea hapo: wamekwenda mkoani kuomba kitu kinachotolewa Beijing, au Beijing kuomba kitu ambacho meya angekitoa kwa siku moja.

Mahali mfumo unapokwama

Kasoro ya kwanza ni taarifa. Afisa anayepandishwa cheo na walio juu yake ana kila sababu ya kuwapelekea habari njema. Januari 27, 2020, meya wa Wuhan, Zhou Xianwang, akihojiwa na televisheni ya taifa kuhusu kuchelewa kutangaza ugonjwa mpya, alieleza kwamba akiwa serikali ya mahali alikuwa na taarifa, lakini angeweza kuzitoa baada tu ya kupewa idhini. Hakuwa anajitetea kwa uongo. Alikuwa anaeleza mfumo jinsi ulivyo, na kwa wiki zile gharama ya mfumo huo ilihesabiwa kwa maisha ya watu.

Ya pili ni kununua kura pale ambapo kura ina maana. Katika mji wa Hengyang, mkoani Hunan, wajumbe wa bunge la mji walipochagua wajumbe wa mkoa, wagombea 56 kati ya 76 walioshinda walikuwa wamehonga. Pesa zilizomwagwa zilizidi yuani milioni 110. Kashfa ilipotangazwa Desemba 2013, wajumbe zaidi ya 500 wa mji waliozipokea walijiuzulu. Mwaka 2016 ukafuata mkoa wa Liaoning: wajumbe 45 wa Bunge la taifa walifutiwa viti, na kamati ya kudumu ya bunge la mkoa ikapoteza wajumbe wengi kiasi kwamba haikuweza tena kukutana kisheria, hadi Beijing ikaunda timu maalumu ya kushika kazi zake. Hakuna mtu anayehonga kwa kiti kisicho na thamani. Kiti cha mjumbe humweka mfanyabiashara karibu na maafisa, na huwezi kumkamata mjumbe bila idhini ya bunge lake.

Ya tatu ni mamlaka ya mahali kuvibana vyombo vinavyopaswa kuyachunguza. Ofisi ya mazingira ya wilaya iliyolipwa na wilaya haikuwa na nguvu ya kufunga kiwanda kinacholeta kodi ya wilaya. Kuanzia 2016 China ilianza kuzihamishia ofisi hizo mikononi mwa ngazi za juu kwa sababu hiyohiyo. Mara chache bunge lenyewe hufanya kazi ya kubana: Februari 2001 wajumbe wa mji wa Shenyang, wakiwa wamechoshwa na ufisadi, waliikataa ripoti ya mahakama ya mji wao. Viongozi wa mahakama hawakujua la kufanya, maana sheria haikuwa imeeleza ripoti ikikataliwa kinafuata nini.

Ndugu wengine wa ukoo huu

Cuba ina bunge la watu 470, ambalo hukutana kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na Baraza la Dola la watu 21 hushika nafasi yake kati ya vikao. Wagombea huwa sawa na idadi ya viti. Mpiga kura anaweza kumwacha mtu, na mgombea lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali. Katiba ya 2019 ilirudisha cheo cha waziri mkuu kilichokuwa kimekufa tangu 1976.

Vietnam ndiyo yenye bunge changamfu zaidi. Juni 2010 lilikataa mpango wa serikali wa reli ya kasi kutoka Hanoi hadi Ho Chi Minh kwa sababu ya gharama, na mradi haukupata kibali hadi Novemba 2024. Tangu 2013 wajumbe huwapigia viongozi kura ya imani kwa madaraja matatu: imani ya juu, imani, na imani ya chini. Sanduku la kukosa imani halipo, lakini idadi ya "imani ya chini" hutangazwa, na waziri aliyeipata kwa wingi huikumbuka. Julai 2025 nchi hiyo iliondoa ngazi nzima ya wilaya na kupunguza mikoa kutoka 63 hadi 34, jambo lililochukua miezi michache tangu chama kulitangaza hadi kurekebisha katiba. Sisi tuliobishana miaka mingi kuhusu idadi ya kaunti tunaweza kuona hapo faida na hatari kwa pamoja: kasi hiyo haikuwa na mahali pa kusimamishwa na mtu aliyepinga.

Muungano wa Kisovieti ulionyesha kinachotokea chama kikitolewa na vyombo vikabaki. Kwa miaka mingi Sovieti Kuu, yaani bunge lake, yenye manaibu 1,500 chini ya katiba ya 1977, ilikutana siku chache kwa mwaka na kukubaliana kwa kauli moja. Sheria iliipa kila kitu. Chama ndicho kilichofanya kila jamhuri iende upande mmoja. Machi 1990 kifungu cha 6, kilichokipa chama uongozi, kilirekebishwa. Mabunge ya jamhuri yakagundua kwamba kisheria kila moja ni chombo kikuu katika eneo lake. Urusi ilitangaza mamlaka yake Juni 12, 1990 na kusema sheria zake ziko juu ya zile za muungano, nyingine zikafuata, na hapakuwa na mahakama yenye heshima ya kuamua nani yuko juu, kwa sababu mfumo haukuwahi kuijenga. Kufikia mwisho wa 1991 muungano ulikuwa umekwisha.

Vyama vilivyobaki vilisoma somo hilo kwa makini. Vietnam inakitaja chama katika kifungu cha 4 cha katiba yake, na Cuba katika kifungu cha 5. China ilikuwa imeuweka uongozi wa chama katika utangulizi tu tangu 1982. Mwaka 2018 iliuingiza pia katika kifungu cha 1.